Programu ya kurekodi sauti darasani: chukua ya bure, hela peleka kwenye maiki

Mwalimu mwenzangu, kabla hujapeleka ombi la fedha kwa mkuu wa shule, ziangalie kwanza kompyuta zenu. Programu inayosifiwa na watu wa studio inaweza kugoma kabisa kwenye mashine kuukuu za maabara. Mimi nimezipanga programu tano kwa jicho la mtu anayefundisha matamshi na fasihi simulizi kwa wanafunzi 40, sina habari na muziki.

Ya kwanza ni Audacity, na sijaona ya kuikaribia. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi, yaani yeyote anaruhusiwa kuuona na kuuboresha. Ilianzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatoka mwaka 2000. Inakubali Windows, Mac na Linux, na ukishaiingiza kwa flashi hudaiwi bando. Kwenye skrini mwanafunzi anaiona sauti yake: alipositasita pamelala kama uzi, aliposema "eeh" pamevimba. Anapachagua, anafuta, anasikiliza tena. Binti mmoja wa kidato cha pili alirekodi ngano ya sungura na fisi, akaisikiliza huku anahesabu "halafu" zake. Zilifika 31. Sikuwa na la kumkosoa tena.

Mvumo wa feni nao una dawa. Msimulizi anyamaze sekunde 2 kabla ya kuanza, programu ionjeshwe ule mvumo mtupu, kisha iambiwe iupunguze kwenye rekodi nzima. Ukizidisha, sauti inakuwa kama inatoka mtungini.

Kasoro inayowaliza wengi ni hii: kuhifadhi peke yake kunatoa faili la aup3, ambalo simu hailichezi. Kazi ya kukusanywa lazima itolewe kama MP3 au WAV. WAV ya chaneli moja inakula kama MB 5 kwa dakika. MP3 ya kawaida kama MB 1. Zidisha kwa wanafunzi 40 uone flashi yako itabeba ipi. Na kama maabara bado ina toleo la kabla ya 2021, libadilishe leo. Huko mradi ni faili pamoja na folda yake. Mtoto akibeba faili akasahau folda, kazi imekwenda.

Ya pili ni REAPER. Ni nyepesi ajabu, na inaishinda Audacity ukiwa na sauti nyingi za kupanga, mathalani msimulizi, waitikiaji na ngoma. Unaijaribu siku 60, kisha leseni ya bei nafuu, ambayo shule nazo zinaruhusiwa kuinunua, ni dola 60. Sura yake lakini inatisha. Kipindi kizima kitaishia kwenye kutafuta vitufe.

BandLab naiweka ya tatu. Ni bure na inafunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo intaneti ikikatika na somo limekatika. GarageBand ni nzuri na haina malipo, ila bila Mac, iPad au iPhone usijisumbue. Ya mwisho ni Adobe Audition: ina uwezo mkubwa, lakini unailipia kwa usajili, na shule ikikosa hela mwaka ujao mlango umefungwa.

Sasa hela. Nunua maiki ya USB ya aina ya dainamiki, kama Samson Q2U, uikwepe ile aina nyingine, kondensa. Kondensa inazoa kila kitu: darasa la jirani, kengele, mvua juu ya bati. Dainamiki inataka mdomo uwe karibu, kama shubiri moja, na ya mbali inayapuuza. Hedifoni za kufunika masikio zifuate.

Kariakoo utaambiwa zote ni orijino. Nenda na laptopu yako, chomeka maiki, sema sentensi mbili huku spika za duka la pili zikipiga. Ukicheza rekodi ukasikia muziki kuliko sauti yako, irudishe mezani kwa mwenyewe.