Autoklevu au oveni ya joto kavu: zahanati yako inunue ipi?

Mikasi, koleo na vishikio vya sindano vikishasuguliwa kwa brashi na sabuni, ubishi huanza: vitakaswe vijidudu kwa mvuke au kwa joto kavu? Kwa zahanati za mwambao wa Ziwa Tanganyika, mimi huuliza habari za umeme kwanza.

Autoklevu, yaani mashine ya mvuke wenye shinikizo, hufanya kazi kwa nyuzi 121: dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa ndani ya pakiti, 20 kwa visivyofungwa. Ile ndogo ya kubandika jikoni inakubali gesi, kwa hiyo umeme ukikatika mkunga wa Kalya hakwami. Inapokea hata shashi na vitambaa. Udhaifu wake ni unyevu: pakiti ikitoka imelowa, irudishwe. Tena mpira wa mfuniko huchakaa, na kipuri chake usitarajie kukiokota sokoni Kibirizi. Agiza wa akiba siku ileile unayonunua mashine.

Oveni haina mpira wala maji, na mkasi hautoki na kutu. Ila inataka nyuzi 160 kwa saa mbili mfululizo. Umeme ukizimika katikati, unaanza upya. Ukipandisha hadi 170 saa moja inatosha, lakini makali hufubaa. Glavu na vitambaa, hapana.

Kwenye mashine yoyote, mkasi na koleo viingie vikiwa wazi, mvuke au joto lifike kwenye kiungio.

Zahanati ya Ujiji yenye umeme wa uhakika na kazi ya kushona vidonda tu, oveni inaitosha. Panapozalishwa akina mama na shashi hutakaswa hapohapo, ningetafuta autoklevu.