Popstar: Never Stop Never Stopping – filamu tamu, walionikodisha ni balaa

Nimekodi hii filamu mtandaoni juzijuzi na mpaka sasa nimefura. Maandishi ya chini yalikuwa yanatangulia mdomo. Mtu hajafungua kinywa, utani ushaandikwa pale chini, ushausoma, umekwisha. Na hii ni filamu ya 2016 iliyoigizwa kana kwamba ni makala ya kweli kuhusu staa wa muziki. Uchekeshaji wake ni wa watu kuropoka upuuzi mkavu bila kukunja uso. Ukishajua anachotaka kusema, unacheka nini?

Kuna pale Conner4Real, huyo staa, anapotambulisha machawa wake. Mmoja ni mfupi, kazi yake kusimama karibu ili bosi aonekane mrefu. Mwingine analipwa kumtandika ngumi za sehemu za siri asije akasahau alikotoka. Nilipaswa kuanguka kwenye kiti. Badala yake nikasoma, nikasubiri, ngumi ikatua, kimya.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. “Mpendwa mteja, asante kwa kufurahia huduma zetu.” Nimefurahia wapi? Nikaeleza upya, polepole, nikaambiwa nizime niwashe. Nikazima, nikawasha. Safari hii maandishi yakawa yanakuja nyuma ya mdomo! Mhudumu akauliza kama tatizo limekwisha, akafunga mazungumzo kabla sijajibu, halafu ukaingia ujumbe wa kuomba nyota tano.

Ndani ya filamu kuna kampuni inayopachika albamu ya Conner kwenye friji na vifaa vingine vya nyumbani. Ukifungua friji, wimbo. Mwishowe umeme unakatika Marekani nzima. Nina hakika mafundi wale ndio walioajiriwa huku.

Nilikuwa nimekwisha kuandika “msiikodi”. Ila kwa hasira nikayazima maandishi kabisa, nikategesha masikio, na jamani, hawa kina Andy Samberg, anayemwigiza Conner, wanajua. Conner anamposa mchumba wake mbele ya kamera, kaleta mbwa mwitu wa kufugwa, mwanamuziki Seal anaimba, mbwa mwitu wanachachamaa, wanamrukia Seal. Halafu ule wimbo wake wa kutetea haki za mashoga, ambao kila baada ya mstari anakumbusha kwamba yeye siye! Hapo nilicheka mpaka machozi, nikasahau kugomba. Eti ilitengenezwa kwa dola milioni 20 na majumba ya sinema hayakurudisha hata nusu. Watu walikuwa wapi?

Mwishoni inalegea kidogo, marafiki wanapatana upesi mno. Filamu naipa nne. Tatu na nusu. Aa, nne, kwa ajili ya Seal.

Hao wakodishaji nilitaka kuwapa sifuri, lakini kitufe cha sifuri hawajaweka. Chini kabisa ni nyota moja, na hiyo nimewapa kwa shingo upande. Wakanijibu papo hapo: “Asante kwa maoni yako mazuri.”