Kushoto raha, kulia karaha: uzoefu wangu wa kuchoresha mistari kwenye gari

Naanza na mwisho ili asiye na muda aendelee na shughuli zake: kwenye hiyo gereji msiende. Jina silitaji maana Mbeya yenyewe ndogo na mwenye gereji tunakutana mpaka misibani, ila waliowahi kupeleka gari pale wakisoma watacheka wenyewe.

Gari yangu ni Carina ya zamani, bluu iliyokolea, niliachiwa na baba. Sio gari ya kutamba nayo ila bodi imetunzwa, na miaka yote nilikuwa natamani ipigwe mistari miwili ubavuni, wa juu upana wa njiti ya kiberiti, wa chini kama uzi, rangi ya fedha iliyofifia, yaani mtu akiwa mbali asiuone kabisa mpaka asogee ndo aseme heee, kumbe. Nasisitiza hili kwa sababu mafundi wetu ukiwaambia mistari kinachowajia kichwani ni Hiace ya Uyole na Mbalizi, miali ya moto ubavuni na macho ya chui kwenye boneti. Au teksi. Mi nilisema kabisa, sitaki mtu anipungie mkono pale Kabwe akidhani nabeba abiria. Na stika sitaki, najua zipo na bei chee, ila zikipigwa na jua miaka miwili zinaanza kujikunja.

Basi kama wiki mbili tatu hivi kabla ya Nane Nane nikaipeleka. Baridi ya kipindi kile wenyeji mnaijua, unatoka na sweta na juu yake kitenge. Mwenye gereji akanipokea vizuri, dada karibu, dada kaa hapa, tukakubaliana laki na ishirini, nikatoa nusu. Kazi akapewa mzee mmoja ambaye siku zote anaandika maneno kwenye mabodi ya Fuso. Nikaingiwa na wasiwasi. Wasiwasi wa bure.

Jamani yule mzee! Kwanza karibu saa nzima hakugusa rangi, alikuwa anafuta tu ubavu kwa kitambaa chenye thina, anapitisha kidole, anafuta tena. Nikamuamkia, shikamoo mzee, mbona gari imeshaoshwa? Akasema marahaba mwanangu, uchafu umetoka lakini polishi bado ipo, na rangi ukiiweka juu ya polishi inakimbia, inaacha macho macho. Akaweka vitone vya chaki, akarudi nyuma hatua tano sita kuviangalia, akafuta viwili akavisogeza. Halafu akatoa brashi ambayo sijawahi kuiona, nywele ndefu kama kidole, zimelala upande kama kisu, akaichovya, akaipapasa kwenye kipande cha gazeti mpaka rangi ikakaa sawa. Kidole cha mwisho akakiegemeza kwenye bodi, akavuta. Na wala hakuwa anavuta kwa mkono, alikuwa anatembea, mwili mzima unaenda kinyumenyume kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma na mkono umetulia vilevile, na mimi nimebana pumzi utadhani nitampeperusha. Tepu hakuna, rula hakuna. Nilimwambia asante mara tatu, ya nne nikasema kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, mzee wa watu akacheka.

Upande wa kulia akasema kesho, jioni ukungu ukishuka rangi haipendi. Nikaacha gari, nikachukua bajaji.

Kesho yake saa mbili asubuhi napigiwa simu, dada njoo, tayari. Tayari vipi? Kumbe usiku mzee amepata taarifa ya msiba Tukuyu, alfajiri kaondoka, na bosi... hapana ngoja, nilikosea, ameondoka jioni ileile, maana bosi hata hakungoja kuche, alimwambia kijana mmoja pale amalizie upande wa pili kwa tepu na kompresa. Jioni. Kwenye ukungu. Mwezi ule.

Mstari wa juu una meno kama msumeno. Wa chini, ambao ulitakiwa uwe uzi, umekuwa mnene kuliko wa juu, na ukikaribia tairi la nyuma yote miwili inaungana kama barabara ya Kyela inavyoungana na ya Dar pale Uyole. Rangi yenyewe imepauka kama imemwagiwa maziwa, unyevu huo umeingia. Na tepu waliiacha ikalala usiku kucha, asubuhi wameivuta rangi imeshakauka, imebanduka na vipande. Mzee alikuja kunieleza baadaye kwamba tepu inavuliwa rangi ikiwa bado inanata, unaikunja irudi juu yake yenyewe, polepole. Dakika mbili za kazi!

Sasa haya yote ningesamehe. Kijana anajifunza, sawa. Ila nilimfuata bosi, yuko kwenye chapati na chai, nikamwambia kwa upole kabisa, kaka, pande mbili hazifanani. Hakusimama. Akatafuna, akameza, akashushia na chai, ndo akasema: "Mama, mistari ni mistari. Hebu nionyeshe mtu anayeona pande mbili za gari kwa wakati mmoja."

Vijana wote wakacheka. Mi nikabaki mdomo wazi. Niliingia pale dada, natoka mama, na nusu ya hela iliyobaki nikalipa, NIKALIPA, mkono unatetemeka kwa hasira na bado unahesabu noti. Jibu lilinijia siku tatu baadaye natandika kitanda: na wewe mbona kinyozi amekunyoa pande zote mbili? Siku tatu! Lingenijia palepale ningeondoka nimelipa hata laki mbili kwa furaha.

Na usukani uko kulia. Kila asubuhi mlango ninaoufungua ni ule wenye msumeno.

Ila kinachoniudhi zaidi ni kwamba lile jitu lilisema kweli. Kwenye kuosha magari kijana mmoja wa Soweto ya hapahapa Mbeya alisimama ubavu wa kushoto akaniuliza nimechoresha wapi, nikamjibu na maringo yote, nikimwombea tu asizunguke. Kanisani napaki kushoto kukitazama watu. Nyumbani nageuza gari mara mbili getini ili kulia kutazame ukuta. Mimi mwenyewe nimekuwa wakili wake.

Mzee aliporudi kutoka msibani alikuja kuiangalia. Hakusema neno, akapitisha ukucha juu ya yale meno, akatingisha kichwa. Akasema itasuguliwa kwa msasa laini wa maji, namba elfu mbili, ipigwe polishi, halafu polishi ifutwe yote kabla hajachora, ila ningoje mwezi wa tisa jua likolee. Hela ya rangi tu. Kazi ataifanyia wapi? Palepale, ndo kwenye kivuli chake na makopo yake.

Kwa hiyo nilivyosema msiende, sijui. Nendeni, muulizieni mzee wa Fuso, na asipokuwepo geuzeni gari hapohapo. Nyota tano za mzee, bosi sifuri, kijana nampa moja ya ujana. Mi mwezi wa tisa narudi na stuli yangu na chai yangu kwenye chupa, siinuki mpaka kulia kuishe. Na lile jibu la kinyozi naenda nalo.