TAHADHARI: Kuna "skauti" wa vyuo vya Marekani anazunguka viwanja vya kikapu

Wazazi na kaka zangu wenye vijana wanaocheza kikapu, Dar, Moro, Arusha, kaeni macho. Kuna jamaa anajiita skauti wa vyuo vya Marekani, katupiga pesa ndefu. Jina siandiki kwa sababu jalada liko polisi na mpelelezi kanikataza, ila ukikutana naye utamjua tu: mrefu, shati limenyooka pasi ya kufa mtu, kitambulisho shingoni kila saa, Kiingereza cha puani, na kidaftari cheusi cha kuandikia takwimu za watoto.

Hicho kidaftari ndicho kilichotumaliza. Baada ya mechi alikaa nami kwenye ngazi za zege, akafungua ukurasa wa dogo wetu anayecheza kikapu. Kaandika kila kitu. Ribaundi za kila robo, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa, mitupo huru aliyokosa, hata ule uzembe wake wa kushusha mpira kiunoni akishadaka ribaundi badala ya kuuweka juu. Kocha wetu anampigia kelele jambo hilohilo tangu yuko kidato cha pili! Mtu asiyejua kikapu angelionaje? Nikamnunulia soda, akakataa. Nikatoa nauli, akanirudisha mkono: "Kaka, mimi nalipwa na vyuo, sili hela ya mzazi." Tapeli gani anakataa hela? Niambieni nyie mnaojifanya wajanja kwenye komenti.

Na hakuja na porojo. Alimtaja Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu aliyecheza NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani: katoka Makongo, akasoma Houston, akachezea chuo cha Connecticut, na 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchukua akiwa mchezaji wa pili kuchaguliwa NBA mwaka ule. Yote ni kweli, nendeni mkaangalie. Uongo wake aliuchomeka humohumo katikati.

Halafu ile simu ya video. Mama kavaa kitenge cha sherehe, dogo tumemkalisha katikati ya kochi, watoto wa jirani tumewafukuza. Akatokea Mzungu, kofia ya chuo, nyuma yake ukumbi wa kikapu sakafu inang'aa. Akamwita dogo kwa jina lake la shule, akamuuliza anavaa viatu namba ngapi. Dogo akajibu 48. Mzungu akacheka, akasema vitakuwa tayari akifika. Mama machozi hayo. Nami nikaangalia pembeni maana yangu yalikuwa karibu. Simu ikakatika, tukaambiwa mtandao, na huyo Mzungu hatujamwona tena.

Barua ikaja: udhamini kamili wa kikapu kutoka chuo kimoja cha Pennsylvania, nembo, muhuri, sahihi ya wino wa bluu. Na hapo ndipo yule asiyekula hela ya mzazi alipoanza kula. Dola 700 za SEVIS, ada ya serikali ya Marekani ya kusajili wanafunzi wa kigeni. Dola 400 za kumsajili dogo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Kisha shilingi 2,300,000 za "kushikilia nafasi", eti kuna kijana wa Senegal anaisubiri, mwisho saa kumi jioni. Hela ya bodaboda ikaenda. Ya kikoba cha mama ikaenda. Wakati natuma, simu ikaleta jina la mwanamke. Nikampigia skauti, akajibu bila hata kusita, "Huyo mhasibu wetu, bro, tuma tu." Nikaingiza namba ya siri.

Siku aliyosema tukutane ubalozini asubuhi na pasipoti, namba haipatikani. Mpaka leo. Dogo hatoki ndani na ligi imeshaanza.

Mtu huyu akaozee Segerea. Sitaki kusikia dhamana, sitaki kusikia "tuyamalize nje". Auze hata hilo shati. Na aliyemkaribisha uwanjani mazoezini ahojiwe naye, atuambie alipewa ngapi, na huyo "mhasibu" atafutwe kwa laini yake, ana kitambulisho cha taifa, si jini.

Haya, mtaniuliza dalili za utapeli wake. Jamaa yangu aliyecheza chuo kule Kansas aliitazama ile barua akaguna: chuo hicho kiko Divisheni ya Tatu ya NCAA, na Divisheni ya Tatu hawatoi udhamini wa michezo, hata uwe na futi nane. SEVIS ya mwanafunzi ni dola 350, unalipa mtandaoni kwa serikali ya Marekani, na mpaka chuo kiwe kimekupa fomu ya I-20, ile ya kuthibitisha kimekupokea. Sisi I-20 hatukuiona kwa macho. Barua pepe ya "kocha" ilikuwa Gmail, wakati vyuo vya kule anwani zao huishia na .edu. Na ile karatasi ya NLI, mkataba wa mchezaji kukubali kujiunga na chuo, aliyomsainisha dogo mwaka huu, kumbe NCAA waliifuta Oktoba 2024! Kuna jambo jingine la viza alinieleza, nikilikumbuka nitaongeza. Lakini kwanza akamatwe, hayo mengine baadaye.

Nasikia sasa yuko Mwanza na kadaftari kake. Akikufuata, usimshtue na usitume hata mia. Mpe miadi mahali penye watu, kisha nitumie ujumbe. Mpelelezi ana picha yake, na nauli ya basi ya kuja huko ninayo.