TAHADHARI: Muuzaji wa mikono ya mbele na sensa za hewa za bandia za BMW M5 (E39)

Ninaandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na ninaanza kwa kuwaomba radhi wale niliowapa namba ya simu ya mtu huyu nikiwaambia kuwa hatimaye tumepata muuzaji wa spea mwaminifu. Ifuteni namba hiyo. Kama kuna aliyekwisha kumtumia pesa na mzigo haujafika, aende benki leo hii akajaribu kuuzuia muamala, kisha ndipo arudi kusoma yaliyobaki.

Gari langu, BMW M5 ya umbo la E39, mnalifahamu, kwa hiyo sitarudia historia yake. Mnajua nilivyokwenda nalo hatua kwa hatua: rejeta, tangi la maji, pampu na thamostati kwanza, kwa sababu plastiki ya umri ule hupasuka bila kuaga, kisha klachi, kisha ile kazi ya VANOS, mfumo wa BMW wa kubadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu, iliyonimalizia akiba. Zamu hii ilikuwa ya sehemu ya mbele. Ule mtetemo wa usukani wakati wa kufunga breki, ulioanzia kwenye kilomita 90 kwa saa na kutoweka nikishuka chini ya 70, ulikuwa umefika mahali ambapo mke wangu alikataa kabisa kupanda. Disiki zilikuwa mpya, magurudumu yalikuwa yamesawazishwa mara mbili, na fundi wangu alipopenyeza mtaimbo kati ya mkono, yaani fimbo ya metali inayoshikilia gurudumu, na fremu ya mbele, bushi ya kushoto, ule mpira wa kwenye maungio ya mkono, ilifunguka kama mdomo na majimaji meusi yakachuruzika. Hapo hapakuwa na la kubishana. Bushi za ile mikono inayobeba nguvu ya breki zina majimaji ndani yake ili kumeza mitikisiko, na zikishapasuka mtetemo hauna pa kwenda ila mikononi mwa dereva.

Niliamua kubadilisha mikono yote minne, miwili kila upande, na pamoja nayo sensa mbili za hewa, zile zinazopima hewa inayoingia kwenye injini, kwa maana kila safu ya silinda nne kwenye injini hii ina sensa yake. Injini ambayo nguvu farasi zake 400 zinapatikana kwenye mizunguko 6,600 kwa dakika haina maana ikianza kuchoka kwenye 5,000, na yangu ilikuwa imeanza kuchoka hapo.

Sasa naomba mnielewe kwa nini nilimwamini mtu huyu, kwa sababu najua baadhi yenu mtasema kwamba mtu wa miaka yote hii kwenye magari haya angepaswa kuona. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu pesa. Aliniomba tarakimu 7 za mwisho za namba ya chesisi na mwezi gari lilipotoka kiwandani Dingolfing, Ujerumani, kama anavyouliza mtu anayeijua kazi yake. Kabla sijamwambia lolote, alinitahadharisha kwamba nisikubali kuuziwa mikono ya magari ya silinda sita ya umbo hilohilo, kwa kuwa yale yana reki ya usukani ilhali ya V8, yaani ya silinda nane kama langu, yana boksi la usukani, na sehemu za mbele hazibadilishani. Ni kweli tupu. Nilipomwongezea breki padi kwenye orodha, aliniomba picha ya zile nilizonazo, akazitazama, akaniambia, "Hizi bado zina maisha, kaka, usitupe pesa." Nilipotaka kumtumia malipo ya awali siku ileile, alikataa, akanitaka nilale kwanza nifikirie. Ni muuzaji gani mwizi anayekukatalia pesa yako?

Siku ya pili alinipigia simu ya video. Nimeirudia simu hiyo kichwani usiku baada ya usiku na ninaweza kuieleza neno kwa neno. Alikuwa amekaa kwenye meza ya mbao yenye taa ya kuinama, na nyuma yake kulikuwa na rafu za maboksi yaliyopangwa vizuri. Alifungua boksi moja mbele yangu, akavunja karatasi ya kufungia, akatoa mkono ukiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, akaufuta kwa kitambaa, akausogeza karibu na kamera. Aliugeuza polepole chini ya taa hadi mwanga ukaishika alama ya bundi, ambayo ni nembo ya Lemförder, kampuni ya kutengeneza spea. Kisha akaweka kidole gumba pembeni ya bundi, mahali palipokuwa pamesagwa kwa mashine, duara dogo linalong'aa kuliko metali iliyolizunguka, akasema, "Unajua hapa palikuwa na nini?"

Na mimi nikamjibu. Sikungoja anieleze. Nikasema kwa furaha ya mtu anayefaulu mtihani, "Palikuwa na nembo ya BMW." Akacheka, akasema, "Wewe si wa kufundishwa." Kilemba cha ukoka kile, nami nikakivaa.

Mnalijua jambo lenyewe, na wengi wenu mimi ndiye niliyewaeleza. Lemförder huitengenezea BMW sehemu za mbele, na sehemu ileile inapouzwa kwenye boksi la Lemförder, nembo ya BMW husagwa ili isionekane. Kwa miaka mingi alama ya kusagwa imekuwa ndiyo hati yetu: ukiiona, unajua kwamba umepata kitu cha kiwandani bila kulipia boksi lenye jina kubwa. Nimewahi kushika sehemu kama hizo mikononi mwangu. Nilizozivua kwenye gari langu zilikuwa na alama hiyo. Kwa hiyo mtu huyu hakunidanganya kwa uongo ambao ningeweza kuushtukia. Alinidanganya kwa jambo la kweli ninalolijua na ninalolifundisha. Alichukua mikono ya bei ya chini kabisa, akasaga duara mahali ambapo hapakuwahi kuwa na nembo yoyote, akaniachia mimi nimalizie hadithi. Watu husema usinunue mbuzi kwenye gunia. Mimi gunia nilifunguliwa, mbuzi nikaonyeshwa, na bado niliibiwa mchana kweupe.

Nililipa siku hiyohiyo, pesa yote, kwa ajili ya mikono minne na sensa mbili.

Mzigo ulifika umefungwa vizuri. Kazi ya kufunga tuliifanya mimi na fundi wangu, na ninaieleza kwa sababu baadaye muuzaji alijaribu kumtupia lawama. Boliti za bushi hatukuzikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, kwa maana bushi iliyokazwa hivyo hubaki imejipinda muda wote gari linapokuwa barabarani na hupasuka mapema. Tulilishusha gari, tukalikalisha kwenye uzito wake, ndipo tukazikaza kwa spana ya kipimo. Kisha tukapeleka magurudumu kupimwa pembe zake. Kwa wiki mbili gari lilikuwa kama limezaliwa upya, na katika wiki hizo mbili ndipo nilipowagawia namba yake. Hilo ndilo linaloniuma kupita pesa.

Wiki ya tatu mtetemo ulirudi. Ulianza kidogo, nikajidanganya kwamba ni barabara. Kisha ukaja mgongano wa metali upande wa kushoto kila nilipogusa breki kwa mwendo mdogo, sauti fupi, kavu, kama nyundo kwenye nondo. Tulipoinua gari na kulishika gurudumu, boljointi, kiungo cha duara kinachounganisha mkono na gurudumu, ilicheza waziwazi. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika pande mbili, na ndani yake hapakuwa na grisi hata ya kupaka ukucha. Gari lilikuwa limetembea kilomita 1,140 tu tangu siku ya kufunga.

Tukaitoa yote minne. Fundi wangu, ambaye hajawahi kunitolea neno la hasira, alichukua msumeno na kuikata bushi ya mmoja katikati. Ilipaswa kutoa majimaji. Haikutoa hata tone, kwa sababu haikuwa na vyumba vya majimaji. Ilikuwa mpira mtupu, uliofinyangwa ukajaa, wenye viputo vya hewa ndani kama maandazi. Tukaweka mkono wangu wa zamani kando yake. Kwenye ule wa zamani bundi ameinuka, ni sehemu ya metali yenyewe. Kwenye huu mpya bundi alikuwa amechimbwa kwa kifaa cha kuchorea, na ukipitisha ukucha unauhisi mfereji. Kwenye kamera, chini ya taa ile, tofauti hiyo haionekani.

Sensa nazo ni hadithi ileile. Taa ya injini iliwaka siku ya nne, mashine ya kusoma hitilafu ikaonyesha mchanganyiko wenye mafuta pungufu upande mmoja, nami nikapoteza siku nzima kutafuta hewa inayovuja kwenye mipira ya kuingizia hewa. Hatimaye tulizibadilisha sensa hizo pande, ya kulia ikaenda kushoto, na hitilafu ikahama pamoja na sensa. Nilipozirudisha sensa zangu za zamani zilizochoka, gari lilikwenda vizuri kuliko lilivyokwenda na hizo zinazoitwa mpya. Maboksi yake yana jina la Bosch na lebo ya hologramu ya usalama, na lebo za maboksi yote mawili zina msimbo mmoja. Msimbo wa lebo ya aina hiyo huwekwa ili kutofautisha boksi na boksi. Mbili zikifanana, basi angalau moja ni ya bandia, na mimi naamini zote mbili.

Nilimpigia. Alisema fundi wangu amekaza vibaya. Nikamtumia picha ya bushi iliyokatwa. Akasema bushi hiyo si yake, nimeibadilisha. Nikamtumia video ya kuitoa kwenye gari tangu mwanzo hadi mwisho, akaitazama, akanyamaza, na tangu hapo simu haipokelewi.

Nataka mtu huyu afungwe. Sisemi arudishe pesa, ingawa pesa naitaka, nasema afungwe. Anayeuza redio ya bandia amekuibia pesa, lakini anayeuza boljointi ya bandia kwa gari la kilo zaidi ya 1,700 lililojengwa kwenda kilomita 250 kwa saa anajua kwamba siku boljointi hiyo itakapochomoka, gurudumu litageukia linakotaka na hakuna usukani utakaolirudisha. Mwanangu alikuwa amekaa kiti cha nyuma siku nilipousikia ule mgongano kwa mara ya kwanza. Mtu huyu alikaa mezani na mashine ya kusagia, akasaga duara moja baada ya jingine, akijua kwamba kila duara litaishia chini ya gari lenye watu. Hiyo haiwezi kuitwa biashara mbaya. Ni kosa la jinai na lishughulikiwe hivyo, naye azuiwe kushika tena spea ya gari la mtu yeyote.

Mtauliza ni nini ningeweza kukiona. Jina la akaunti halikuwa lake. Alisema ni la shemeji yake, nikakubali. Maboksi ya mkono wa kulia na wa kushoto yalikuwa na namba moja ya spea, jambo lisilowezekana kwa mikono isiyofanana, na mimi sikuyasoma hadi baada ya kuumia. Risiti ya alikonunua yeye aliniahidi mara tatu. Tena alikuwa na kila kitu, kwa wingi wowote, tayari, kwa gari lililoacha kutengenezwa mwaka 2003 na ambalo hayakuzidi sana 20,000 kwa jumla. Wauzaji wa kweli wa spea hizi huniambia "ngoja" mara nyingi kuliko wanavyoniambia "ipo". Kuhusu alama ya kusagwa, msiitegemee tena peke yake. Dai picha ya bundi iliyopigwa kutoka pembeni, mwanga ukitoka ubavuni, uone kama ameinuka au amechimbwa.

Ninayo kumbukumbu ya malipo, ujumbe wote tulioandikiana, picha za maboksi na za lebo zile mbili. Taarifa nimeshaiandika polisi na Jumatatu ninarudi kupeleka vielelezo. Waliouziwa na mtu huyuhuyu, hata kama sehemu zao bado hazijaharibika, walisimamishe gari, wazitoe, wasizitupe na wasizioshe, kisha waniandikie kabla ya siku hiyo ili malalamiko yaende pamoja. Mikono yangu minne iko kwenye boksi stoo, mmoja umekatwa vipande viwili, na gari liko juu ya stendi bila magurudumu ya mbele.