Saa ya Mapigo ya Moyo kwenye Milima ya Iringa: Uzoefu Wangu

Kwa mkimbiaji wa Iringa anayefikiria kununua saa ya kupima mapigo ya moyo, maoni yangu ni kwamba inafaa sana kwa siku za mwendo mwepesi, ila kwenye mlima auamini mwili wake kwanza.

Saa ninayoitumia husoma mapigo kwa taa za kijani zinazomulika ngozi ya mkono. Wakati wa kipupwe, Juni na Julai, mishipa ya ngozi husinyaa kwa baridi na vipimo huyumba. Nikitoka Kihesa alfajiri, huweza kuonyesha mapigo zaidi ya 170 ilhali ninazungumza na mwenzangu bila kukatisha sentensi. Namba hiyo mara nyingi ni ya hatua wala si ya moyo, kwa sababu saa hudaka mtikisiko wa mkono. Kuivaa juu kidogo ya kifundo, kuikaza na kuifunika kwa sweta husaidia. Mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe, husaidia zaidi, na mwenye uwezo ningemshauri anunue vyote viwili.

Mlima wa kutoka Ipogolo kuja mjini una somo jingine. Moyo huchelewa kuitikia: miguu imeshaanza kuwaka, lakini saa bado inaonyesha mapigo ya tambarare, hivyo anayeifuata hupanda kwa kasi mno mwanzoni na kuishiwa pumzi kabla ya kona za juu. Hapo mimi hutumia kipimo cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, ambacho mtu hukadiria kwa hisia za mwili wake jinsi anavyojitahidi, kinachoanzia 6 hadi 20, ambacho alikipanga hivyo ili namba ikizidishwa kwa 10 ikaribiane na mapigo ya mtu mzima mwenye afya. Katika kipimo hicho 13 ni ngumu kiasi na 15 ni ngumu. Mlima ule naupanda nikiwa kati ya hizo mbili.

Nisichokipenda ni kwamba saa hupanga viwango vyake vya mapigo, kuanzia mwendo mwepesi hadi mkali, kwa kukisia kikomo cha mapigo ya mtu kwa kutoa umri wake kwenye 220, kanuni inayoweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Ni afadhali kuviweka upya mwenyewe. Mgeni kutoka Dar es Salaam naye asishtuke, kwani mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwendo uleule utampandishia mapigo siku za mwanzo.

Tukikimbia kikundi, hata hivyo, saa ndiyo hunishika breki, maana ukiwa na wenzako uchovu hausikiki na mwendo mwepesi hugeuka mashindano. Tena usiku nikilala vibaya, au homa ikiwa inaninyemelea, mapigo ya asubuhi nikiwa kitandani huwa juu kuliko kawaida, nami siku hiyo hutembea tu.