Transfermarkt: kwa kufuatilia mchezaji wa klabu nyingi ni kiboko, ila ile thamani msiishike sana

Mimi wachezaji ninaowapenda sio mastaa, ni wale wanaokipiga nje, msimu huu nchi hii, msimu ujao nchi nyingine, leo mkataba wa miezi sita, kesho mkopo, afu kimya. Kwa watu wa aina hiyo Transfermarkt, ile tovuti ya rekodi za wachezaji, uhamisho wao na makadirio ya thamani yao sokoni, ndo sehemu ya kwanza kuingia na sijaona bado inayoifikia.

Kitu kitamu kuliko vyote ni historia ya uhamisho. Chukua Lutz Pfannenstiel, yule golikipa Mjerumani aliyecheza soka la kulipwa kwenye mashirikisho yote sita ya bara, klabu zaidi ya 20. Bila orodha iliyopangwa kwa tarehe huwezi kumfuata mtu wa hivo, utapotea tu. Ila orodha haikwambii kwamba Singapore alifungwa jela siku 101 kwa kesi ya kupanga matokeo ambayo mwenyewe aliikana siku zote, wala kwamba mwaka 2002 akiwa klabu ya Bradford Park Avenue huko Uingereza aligongwa kifuani akaacha kupumua palepale uwanjani. Tarehe unaziona, mtu humuoni.

Na hapo ndo kwenye tatizo langu kubwa. Neno "mchezaji huru" wanaliandika sawasawa kwa wote, aliyeachwa sababu kiwango kimeshuka na aliyeondoka sababu halipwi. Ripoti ya 2016 ya FIFPRO, chama cha wachezaji wa kulipwa duniani, ilionyesha asilimia 41 ya wachezaji waliohojiwa walicheleweshewa mshahara ndani ya misimu miwili, kwaiyo hawa sio wachache jamani! Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji anayedai mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, akishaiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 za kulipa. Mtu katetea haki yake, afu kwenye ukurasa anaonekana kama katemwa, mi inaniuma kweli.

Hata "bila klabu" kuweni makini nayo. Kwa msimu mmoja mchezaji anaweza kusajiliwa klabu tatu ila mechi rasmi acheze kwa mbili tu, sasa akishazitumikia mbili mambo yakaharibika inabidi asubiri, hata kama yuko fiti kabisa.

Ile thamani sokoni ndo watu wanaigombania mitandaoni wakati inatokana na mijadala ya wanachama wa tovuti wenyewe, ndo utaratibu wao, sio bei ambayo klabu imelipa. Umri ukivuka 30 mstari wa grafu ya thamani unashuka tu, hata kama jamaa anaanza kila wiki na anaibeba timu isishuke daraja. Kwa mchezaji wa namna hii angalia dakika alizocheza, angalia mkataba unaisha lini (ikibaki miezi sita anaruhusiwa kuongea na klabu nyingine), angalia na majeraha, hayo matatu yatakwambia mengi kuliko grafu. Ligi ndogo sana dakika wakati mwingine hazipo, hapo utabaki na jina la klabu na tarehe.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitawapa siku wakiweka sababu ya mkataba kuvunjika pale inapojulikana hadharani, maana hukumu nyingi za FIFA na za mahakama ya michezo CAS zinachapishwa, zipo, ni kuziunganisha tu na ukurasa wa mchezaji.